Watoto wanne, saa nne za mama: kisa cha darasa la nyumbani Isyonje

Wiki ya pili ya Desemba 2025, shule zimefungwa na mvua zimeshakolea, nilipanda kosta Uyole nikashuka Isyonje, pale njia ya Kitulo inapochepuka kutoka barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu. Aliyeniita ni mama mmoja niliyewahi kufundisha naye kabla sijastaafu. Alikuwa amemaliza mwaka mzima akiwafundisha mwenyewe watoto wake wanne nyumbani, na ukutani alikwisha kubandika karatasi ya manila yenye ratiba ya 2026, mistari imepigwa kwa kalamu za rangi tatu.

"Kaa uipitie, mwalimu," aliniambia. "Uniambie nimesahau nini."

Hakuwa amesahau kitu. Kila mtoto alikuwa na masomo yake yote, kila kipindi dakika 40, mapumziko ya uji yapo, michezo ipo, dini ipo. Nimekagua ratiba za shule kwa miaka mingi na sijaona nyingi nadhifu kama ile. Ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nikamwomba aniletee daftari za mwaka unaoisha kwanza.

Majina ya familia nayaacha, na nimeruhusiwa kuyasimulia haya. Watoto nitawaita kwa kufuatana kwao. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 16. Alimaliza darasa la 7 mwaka 2023, akasoma kidato cha kwanza bweni mwaka 2024, kisha hakurudi. Wa pili ni binti wa miaka 12 mwenye pumu. Wa tatu ni mvulana wa miaka 10. Kitinda mimba ni binti wa miaka 6 ambaye Januari alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Baba yao ni dereva wa lori, hulala nyumbani siku mbili kwa wiki, tatu akibahatika. Bibi mzaa baba anaishi nao.

Kilichowaleta watoto nyumbani ni mambo mawili yaliyokutana. Baridi ya 2024 ilimlaza binti hospitali mara mbili, na mwisho wa mwaka huohuo mkataba wa mama kwenye shule binafsi aliyokuwa akifundisha haukuendelezwa. Ada ya bweni ikawa mzigo. Mama akajisemea: mwalimu niko hapa, vitabu ninavyo, kwa nini niwapeleke kwingine? Mawazo hayo simlaumu nayo. Mwalimu yeyote aliyekaa mwezi mmoja bila mshahara amewahi kuyawaza.

Kilichoandikwa kwenye kaunta-buku

Bahati yake na yangu, mama huyu hajawahi kuacha tabia za kazini. Kila kipindi alichofundisha alikiandika kwenye kaunta-buku, kama anavyojaza shajara ya somo: tarehe, mtoto, somo, mada, dakika. Tuliketi sebuleni na kuanza kuhesabu kwa vijiti, vitano vitano, kama watoto wa darasa la kwanza. Ilituchukua asubuhi nzima.

Tuliihesabu kwanza ratiba yenyewe. Kwa siku, wa kwanza alipangiwa vipindi 8, wa pili 7, wa tatu 7, mdogo 4. Jumla 26. Zidisha kwa dakika 40, unapata dakika 1,040, ambazo ni saa 17 na dakika 20. Mwalimu ni mmoja. Hata akiwafundisha wawili wawili kila saa bila kunyanyuka, ni saa 8 na dakika 40, na mama huyu ana ng'ombe wawili wa maziwa, kuku, shamba la viazi na mkwe wa kumwangalia. Nilimwomba aitaje siku yake ya kawaida kuanzia jogoo la kwanza. Baada ya kutoa kukamua, kupika, kufua na shamba, zilibaki saa 4 za kukaa na mtoto akiwa na akili yake yote. Siku ya mnada zinabaki 2.

Alicheka. "Kumbe nilikuwa natafuta saa 17 ndani ya 4."

Kisha tukaenda kwenye hesabu iliyomwondolea kicheko. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Agosti, ukitoa likizo, darasa lake lilikuwa na wiki 28. Hisabati ya yule wa tatu ilipangwa mara 5 kwa wiki, yaani vipindi 140. Vilivyoandikwa kuwa vimefundishwa ni 49. Kiingereza cha kaka yake mkubwa nacho kilipangiwa 140. Kilifundishwa mara 171.

Ilikuwaje? Tulifuata tarehe moja moja. Kiingereza cha mkubwa kilikuwa saa 4 asubuhi, Hisabati ya mdogo wake inafuata. Mkubwa alikuwa ametoka shule ya sekondari ambako kila kitu ni Kiingereza, akarudi nyumbani ambako hakuna anayekizungumza, na mama akaogopa kitamponyoka. Somo likawa linavuka dakika 40, linafika 60, linafika 90. Yule wa tatu anakaa na daftari lake anangoja. Akichoka kungoja anatoka kwenda kumsaidia bibi kuchambua maharage. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwita.

Nieleze kwa nini jambo hili lina uzito. Mtoto huyu alikuwa darasa la 4, na Oktoba alifanya upimaji wa kitaifa katika shule ya kijiji. Maswali ya Hisabati hakuyamaliza. Tangu siku hiyo nyumba nzima ilikuwa imeshamwita mzito wa hesabu. Mama mwenyewe aliniambia hivyo tukinywa chai, mtoto akiwa amesimama mlangoni. Na kwenye ratiba mpya ya manila alikuwa amemwongezea Hisabati hadi vipindi 7 kwa wiki, kama dawa. Palepale, baada ya Kiingereza cha kaka yake.

Mama alirudia kuhesabu ile 49 peke yake, polepole, kisha akafunga daftari. Nilitoka nje nikaangalie ng'ombe, kwa sababu kuna hesabu ambazo mzazi anahitaji kuzifanya bila mtu kumtazama.

Niliporudi nilimwonyesha ukurasa wa Machi. Pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: "Leo kwenye magunia ameelewa mwenyewe." Walikuwa wanauza viazi. Mnunuzi alikuja na magunia ya lumbesa, yale yanayoshonewa kilemba juu. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Baba alikuwepo siku hiyo, akaudhika, akaazima mzani na kupima moja: kilo 128. Mtoto huyuhuyu wa tatu alichukua kijiti akaandika chini kwenye udongo. Magunia 25, kila moja limezidi kilo 28. Jumla 700. "Baba, magunia saba yamekwenda bure." Hakuna aliyemsaidia. Ndipo nikamwuliza mama: mtoto aliyefanya hesabu hiyo akiwa na miaka 9 ni mzito wa nini?

Jikoni

Jambo la pili sikulitafuta. Lilijitokeza lenyewe tukitafuta vipindi vya binti. Siku alizougua mama aliweka herufi M. Zilikuwa 34 kwa mwaka, na 23 kati ya hizo ziliangukia kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Agosti.

"Baridi," mama alisema. Ni kweli, Juni hadi Agosti ndiyo miezi ambayo hata ng'ombe huku wanatoa moshi puani, na hewa ya baridi huwasumbua wenye pumu. Lakini baridi ilianza mwishoni mwa Mei, na M zilianza kurundikana baada ya tarehe 16 Juni. Nilimwuliza nini kilitokea tarehe 16. Akafungua: "Darasa limehamia jikoni." Sebule ilikuwa barafu, watoto vidole haviandiki, akawahamishia kwenye jiko la kuni. Mwanzoni mwa Septemba wakarudi sebuleni, asubuhi zikiwa bado za baridi, na M zikapungua.

Mimi si daktari na daftari si kipimo. Moshi wa kuni ni adui wa mtu mwenye pumu, hilo halina mjadala, na mtoto huyu alitolewa shuleni kwa ajili ya mapafu yake, kisha akawekwa hatua mbili kutoka kwenye mafiga saa 5 kwa siku. Nilimwambia mama ampeleke hospitali kabla ya Januari akiwa na ukurasa ule wa tarehe mkononi, amwonyeshe daktari, aulize pia kama dawa ya kuvuta anaitumia inavyotakiwa. Na darasa lisirudi jikoni. Mama aliuliza kuhusu jiko la mkaa sebuleni. Hapana kabisa. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa madirisha unaua watu waliolala, kila msimu wa baridi tunasikia. Blanketi miguuni, soksi mbili, uji wa moto, na Julai darasa lianze saa 4 jua likiwa limetoka, hapo barazani. Nani alisema lazima lianze saa 2? Ni kengele ya shule inayoendelea kulia kichwani mwake.

Mwalimu mkuu na kitabu cha mahudhurio

Hapa ndipo tulipokwaruzana kidogo.

Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akifikisha miaka 7 awe ameandikishwa shule na ahudhurie mpaka amalize elimu ya msingi. Mitihani ya kitaifa ya ngazi hiyo husajiliwa kupitia shule. Mama analijua hilo kuliko mimi, amewahi kuwasajili watahiniwa kwa mikono yake. Mwaka 2025 watoto wake wawili walibaki na majina kwenye kitabu cha mahudhurio cha shule ya kijiji, na kila asubuhi walihesabiwa hawapo. Agosti mwalimu mkuu alikuja mwenyewe, bila ukali, akaketi hapohapo nilipoketi mimi. Alisema mvulana wa darasa la 4 asipoonekana Septemba, yeye atakuwa na maelezo ya kutoa kwa afisa elimu kata. Ndiyo maana wa tatu alirudi, akafanya upimaji.

Mpango wa mama kwa 2026 ulikuwa arudi kwenye mtindo uleule: watoto wasome nyumbani, waonekane shuleni kwa mitihani, mwalimu mkuu "atatuelewa".

Nikamwambia wazi kwamba hapo sitasaidia kupanga. Kumwomba mwalimu mwenzako akuwekee alama za mahudhurio za uongo ni kumkabidhi kosa lako alibebe yeye. Na kitinda mimba atafikisha miaka 7 mwezi wa 4.

Alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa limemkaa kooni tangu niingie: "Nikiwarudisha watatu, watu watasema nimeshindwa?"

Watu wa Isyonje wana viazi vya kulima. Lakini sikumjibu hivyo. Nilimwambia tuangalie kwanza 2027, kisha aamue mwenyewe.

Kwa nini 2027

Hili ndilo jambo ambalo ratiba ya manila haikuliona kabisa, na naamini familia nyingi zenye watoto wa rika hili hazijaliona, hata ambazo watoto wao hawajawahi kukosa shule siku moja.

Mitaala mipya ilianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na darasa la tatu. Elimu ya msingi kwa mujibu wa sera, toleo la 2023, ni miaka 6. Maana yake, mtoto aliyekuwa darasa la 3 mwaka 2024 anamalizia darasa la 6 mwaka 2027. Aliyekuwa darasa la 4 mwaka 2024 anaendelea na mtaala wa zamani hadi darasa la 7. Naye anamaliza 2027.

Sasa tazama nyumba hii. Binti alikuwa darasa la 4 mwaka 2024, mdogo wake darasa la 3. Walipishana darasa moja tangu awali, na mama alikuwa amepanga maisha yao yote kwa kupishana huko: binti anatangulia, mvulana anafuata nyuma, anarithi vitabu, anarithi daftari zilizosahihishwa, hata sare. Mwaka 2026 binti yuko darasa la 6 na mvulana la 5. Mwaka 2027 wote wanamaliza. Januari 2028 wote wanatakiwa kuingia kidato cha kwanza siku moja, pamoja na marika mawili ya nchi nzima.

Na hawamalizi kwa masomo yaleyale. Binti anakwenda kwenye mtihani wa darasa la 7 na Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Mvulana ana Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo, pamoja na lugha na Hisabati. Lile kasha la vitabu vya binti ambalo mama alilifunga vizuri kwa ajili ya mdogo wake, sehemu kubwa haimfai. Vitabu vya mvulana ndivyo vitakavyokuja kumfaa kitinda mimba. Vya TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, vipo kwenye maktaba mtandao bila malipo, na simu ya baba ina kioo kikubwa, kwa hiyo tulikubaliana vitabu viwili tu vya kununua kwa mvulana, vingine asome humo Jumamosi baba akiwepo.

Ongeza kaka yao. Angebaki shule, Novemba 2025 angefanya upimaji wa kidato cha pili na mambo yangekuwa mepesi. Kwa kuwa hakufanya, njia yake ni Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, ndipo aruhusiwe kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mama aliulizia usajili Mei 2025, dirisha lilikuwa limeshafungwa. Hufunguliwa Januari, na anayechelewa kidogo hulipa faini. Kwa hiyo QT ni Novemba 2026. Akifaulu, mama alitaka kidato cha nne kiwe Novemba 2027. Mitihani mitatu ya kumaliza ndani ya nyumba moja, mwaka mmoja, mwalimu mmoja mwenye saa 4.

Nilipomchorea hivyo nyuma ya kalenda ya chama cha ushirika, hakuuliza tena watu watasema nini.

Tulichobadilisha

Mkubwa anabaki nyumbani. Yeye ndiye mwanafunzi pekee wa darasa la nyumbani kwa siku nzima, na hata kwake mama anaacha kuhutubu. Kijana wa miaka 16 anaweza kuamka, kufungua kitabu saa 2 na kusoma mada mwenyewe hadi saa 4. Mama anakuja saa 4, anakaa naye saa moja na nusu, haizidi: Kiingereza Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku nyingine kusahihisha alichofanya peke yake. Tuliweka saa ya mezani yenye kengele, na mkubwa mwenyewe ndiye mwenye wajibu wa kusema muda umekwisha. Alilipenda hilo kuliko alivyotaka kuonyesha. Mara moja kwa wiki atashuka kituo cha masomo Uyole kukutana na wenzake wanaojiandaa na QT, kwa sababu kusoma peke yako mwaka mzima ukiwa na umri huo ni upweke, na upweke ndio uliompeleka kwenye bodaboda za pale njiapanda miezi ya Septemba na Oktoba. Mama hakuwa ameliandika hilo kwenye kaunta-buku. Bibi ndiye aliyelisema.

Kidato cha nne nilishauri kiwe 2028. Mama anataka 2027. Hatukuafikiana. Hoja yangu ni kwamba baada ya QT kuna kazi ya kidato cha tatu na cha nne, na mwaka mmoja ni mfinyu kwa kijana anayejisomea bila maabara. Hoja yake ni kwamba kijana atakata tamaa. Baba, aliyefika jioni ile na mikate kutoka Tunduma, ana hoja ya tatu: kijana anapenda injini, apelekwe chuo cha ufundi cha VETA Mbeya. Kwa hili nilimwona baba ana macho. Waliamua wasubiri QT.

Wa pili na wa tatu wanarudi shule ya kijiji Januari. Mwalimu mkuu alikubali kumpa binti majaribio ya darasa la 5 kabla ya kumwingiza la 6, na aliyafanya siku mbili baadaye. Alipita. Kwa Julai na Agosti, mama atapata maelezo ya daktari kwa maandishi. Daktari akisema abaki ndani asubuhi za baridi kali, atabaki kwa barua, kazi zikiletwa na mdogo wake jioni. Asiposema, anakwenda, na shingo imefungwa mtandio. Likizo ya Juni inambeba sehemu ya kwanza ya baridi, kwa hiyo tunaongelea wiki chache tu, si mwaka.

Jioni ndiyo darasa la mama kwa hawa wawili, saa 10 na nusu hadi saa 12, siku nne kwa wiki. Linaanza na Hisabati, wote pamoja, kabla ya kitu kingine chochote, kwa kuwa ndiyo iliyoliwa mwaka uliopita. Mama alishangaa: madarasa mawili, mitaala miwili, nitafundishaje pamoja? Lakini sehemu ni sehemu, desimali ni desimali, kilo na gramu hazikubadilishwa na sera. Anaanzisha mada moja, kisha mvulana anapewa maswali mepesi na binti magumu, na siku nyingine anawageuza aone. Masomo mengine wanayasomea shuleni. Anachofanya nyumbani ni kuuliza tu: leo mmesoma nini, nieleze kana kwamba mimi ni bibi.

Kitinda mimba, shule. Aliandikishwa Oktoba kimyakimya na baba yake, jambo ambalo mama alilijua siku nilipokuwepo. Hapo niliomba chai nyingine. Kazi yake ya nyumbani ni moja, na haikubuniwa na mwalimu yeyote. Kila usiku baada ya chakula humsomea bibi. Bibi hajui kusoma. Anasikiliza, na mtoto akiruka neno anajua, kwa sababu sentensi inakosa maana, naye anamrudisha: "Hapo umedanganya, rudia." Dakika 20. Kwenye kaunta-buku hazimo hata mara moja, kwa kuwa mama hakuzihesabu kama kipindi. Kwangu mimi ndilo somo la Kusoma lililofundishwa vizuri kuliko yote katika nyumba ile, na nilimwambia bibi hivyo. "Ndaga," alinijibu, yaani asante kwa Kinyakyusa, akaendelea na maharage yake.

Wiki mbili za Machi za kuchimba viazi na wiki mbili za mahindi zimepigwa mstari: hakuna darasa la jioni. Mwaka jana wiki hizo zilikuwa kwenye ratiba, darasa halikufanyika, na mama alilala kila usiku akijiona mwongo. Magunia yatapimwa tena Machi, wote wanne wawepo, mkubwa aandike kwa Kiingereza, mdogo ahesabu vilemba. Safari nayo ni moja tu badala ya tano alizopanga: Kitulo, mwishoni mwa Januari au Februari maua yakiwa yamefunguka, baba akiwa na nafasi. Kimondo cha Mbozi na Daraja la Mungu vimekuwepo miaka yote, vitangoja.

Karatasi ya manila tuliigeuza upande wa nyuma. Upande huo una mistari michache sana, na mama aliuangalia kwa masikitiko ya mtu aliyeuza ng'ombe mnene.

Januari

Shule zilipofunguliwa nilimpigia simu baada ya wiki tatu. Sikumwuliza habari za maendeleo. Nilimwomba asome hesabu ya vijiti.

Hisabati ya jioni: siku 12 zilizopangwa, 10 zimefundishwa. Moja ilikatika kwa mvua na umeme, nyingine ng'ombe alizaa. Kiingereza cha mkubwa: mara 9 kati ya 9, na mara mbili kengele ililia mama akiwa katikati ya sentensi, akanyanyuka. Usajili wa QT umeshalipiwa. Binti alionwa na daktari, akabadilishiwa namna ya kutumia dawa yake ya kuvuta. Alikuwa akiipuliza mdomoni na kuimeza.

Kisha akaniambia lililomsumbua. Hisabati ya kidato cha pili imemshinda, aljebra imefika mahali hawezi kusahihisha bila kuangalia majibu nyuma ya kitabu, na mkubwa ameshagundua. Kuna kijana jirani aliyemaliza kidato cha sita anayeweza kumfundisha Jumamosi. Anataka debe moja la viazi kwa mwezi.

"Debe la kawaida au la kilemba?" nilimwuliza.

Alisema hilo ndilo wanalobishania.